Udongo Mweupe wa Tiira

Paspalamu ni nyasi za kutambaa. Kila kifundo hushusha mizizi, kisha hutupa mkono mbele kutafuta ardhi nyingine. Uani kwangu zilitambaa hadi ukingo wa kaburi la Ochwo, zikanyoosha mikono, zikagusa, zikageuka manjano.

Ochwo mwanangu hakuwamo humo. Shimo la dhahabu lilimfunika kule Tiira, na wenzake hawakuthubutu kushuka tena. Kuta zilikuwa bado zinabomoka. Wazee wa ukoo wakasema, leteni udongo wa pale alipolala tuuzike nyumbani. Tukaleta gunia. Ulikuwa mweupe kama jivu, umetoka chini ambako hata mnyoo hafiki. Walitaka kuutia chini kabisa, waufunike kwa udongo wetu mweusi. Mimi nikang'ang'ania ukae juu, niwe naushika.

Nilipandikiza nyasi juu yake, nikamwagilia asubuhi na jioni, nikatandaza majani ya mgomba kuzuia jua. Nyasi zikarefuka nyembamba, hazina rangi, zikalala.

"Mama, huko kisimani wanasema nyasi hazishiki kwa kuwa Ochwo hajafika nyumbani," mkwe wangu Prossy aliniambia, macho chini.

Nikamwita Peninah, anayeuza miche ng'ambo ya mpaka. Alichukua konzi, akaifikicha, akapuliza.

"Haki mama, hii ni mawe yaliyosagwa tu. Nyasi itakula nini? Utoe wote, uweke mweusi."

"Nikiutoa, nitabaki na nini cha mwanangu?"

Akajipangusa mikono kwenye leso, polepole.

"Basi endelea kumwagilia," akasema, kama mtu anayemfariji mgonjwa asiyepona.

Ndipo mvua ya masika ikaja. Niliona maji meupe yakikatiza uani kuelekea barabarani. Nikatoka mbio na karai. Nilipiga magoti nikikomba, nikikomba, na kila nilichokomba kilinipita vidoleni.

"Mama, wacha! Utaugua!" Prossy alinivuta kwa kiuno, naye analia.

Tulipokuwa tukipalilia wimbi shambani, paspalamu zilikuwa zimekwisha kukutana katikati ya kaburi, nene, kijani kibichi, laini kama mkeka mpya. Akina mama wa kanisa walikuja kutazama. Mmoja akapiga vigelegele.

"Mama Ochwo, sasa mtoto amefika!"

"Amefika," nikaitikia.

Walipoondoka, nikachukua fyekeo. Nyasi hizi hutaka kukatwa juujuu, ndipo zisongamane. Mimi nilikata chini, nikakata chini zaidi, mpaka udongo ukaonekana.

Ulikuwa mweusi.