Watu Wawili na Daktari

Miaka sita baada ya ndoa, Tunu alishazoea ndugu zake kumtazama tumboni kila akiingia kwenye shughuli. Yeye na mumewe Shomari, fundi wa majokofu kwenye kiwanda kimoja cha Mikocheni, walikuwa wamepanga vyumba viwili Tandika. Mwezi wa tatu wakaenda hospitali pamoja kupima. Majibu yakasema Tunu hana tatizo. Tatizo lilikuwa kwa Shomari. Walipotoka pale Shomari aliomba kitu kimoja tu, jambo hilo lisitoke nje ya chumba chao. Tunu akakubali.

Alikaa nalo wiki mbili. Kisha dada yake Hija akaja kumtembelea, akamkuta kwenye cherehani anashona huku machozi yanamtoka, na Tunu akamweleza yote. Alimwapisha kwanza. Hija akaapa.

Mwezi wa sita Hija alimfanyia akika mtoto wake wa tatu, nyumbani kwake Boko. Wanaume walikaa mkekani barazani, wanawake uani. Pilau ilipokwisha, mjomba wao, mzee Badru, akatoa chupa yenye dawa ya mizizi na kumpa Shomari mbele ya watu wote.

"Mkwe, kunywa hii asubuhi na jioni," alimwambia kwa upole. "Wala usione haya. Mwanamume kukosa uzazi ni maradhi kama mengine."

Tunu alikuwa mlangoni na sinia la tende. Alimwona mumewe anapokea chupa kwa mikono miwili, anashukuru, anaiweka kando ya goti lake. Mtu mmoja alikohoa. Shomari hakuinua macho mpaka walipoaga.

Walirudi Tandika. Shomari akavua viatu, akaketi kitandani.

"Tulikuwa watu wawili na daktari," alisema. "Na daktari hawajui ndugu zako."

Tunu alijieleza kwamba alimwambia Hija tu, kwamba alikuwa ameelemewa, kwamba hakuwa na nia mbaya.

"Mie sikumwoa Hija."

Hakupaza sauti. Alikunja nguo zake za kazini, akaenda Ukonga kwa kaka yake, Talha.

Kesho yake asubuhi Tunu alirudi Boko, amejaa hasira. Hija hakukana. Alisema mama yao alishaanza kuwaambia watu kuwa Tunu ana jini, anataka apelekwe kwa mganga, kwa hiyo yeye akaona heri mama ajue ukweli. Mama ndiye aliyemwambia mjomba, ili atafute dawa.

"Nilikuwa nakutetea, mdogo wangu," Hija alisema. "Nilielemewa kusikia unavyosemwa. Sikuwa na nia mbaya."

Maneno yale yale Tunu aliyasema mwenyewe jana, chumbani kwao. Alikuja kumlaumu mtu aliyemsaliti, na kweli alikuwa amesalitiwa, ila sasa alijua Shomari anajisikiaje.

"Dada, siri haikuwa yangu," alisema. "Nenda kwa mama, nenda kwa mjomba. Waambie hukuwa na haki ya kuisema, na mie pia sikuwa nayo."

Hija alilia, lakini alienda. Mama alinuna, akauliza tangu lini ndugu wakafichana mambo. Mzee Badru alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia Shomari simu, akamwomba radhi yeye mwenyewe.

Siku nne baadaye Tunu alikwenda Ukonga. Shemeji yake Talha alimkaribisha sebuleni, akatoka kuwapisha. Tunu akasema amekosa. Safari hii hakutaja kuelemewa, wala hakumtaja Hija. Shomari alikuwa na swali moja.

"Mliponizungumzia, mlicheka?"

"Hapana. Nililia."

"Ungelia kwangu."

Kisha Shomari alimwambia aende nyumbani, yeye bado.

Alirudi baada ya wiki tatu. Alikula, alitengeneza bomba la jikoni, alizungumza habari za kazini. Lakini siku ya kliniki alienda peke yake, akarudi na bahasha, akaifungia kwenye begi lake la vyeti. Tunu alimpakulia chakula, hakuuliza. Hija alipopiga simu waliongea kuhusu watoto, na alipouliza wanaendeleaje, Tunu alimjibu kuwa ni wazima, basi.

Jumapili moja, wakati Tunu anaanua nguo, Shomari alitoka nje, akasimama karibu na kamba. Alimwambia kuwa daktari amempangia upasuaji mdogo mwezi ujao, na angependa amsindikize. Akaongeza kwamba bado hajamsamehe kwa moyo wote.

"Sawa," Tunu alisema. "Ni tarehe ngapi?"