Wageni wa Mlango wa Mbele

Papa wa kwanza aliingia mtaani Jumanne asubuhi, nyuma ya baiskeli ya muuza mikate. Ilikuwa Oktoba, na kila Oktoba bahari ya Cartagena, huko Kolombia, hupanda kupitia mitaro mpaka ifike magotini, kwa hiyo watu walikuwa wamekwisha kupanga viatu juu ya makabati. Muuza mikate alimpisha papa, akampa mtumishi Teodosia mikate yake getini, akaendelea na safari. Papa akasimama mbele ya nyumba ya Senyora Ofelia, kichwa kikielekea mlangoni.

Kufikia adhuhuri papa wengi walikuwa wamekuja, wameujaza upande wote wa mbele. Hawakumgusa mtu. Jirani, Bwana Fadul, alikuja dirishani na suruali imekunjwa.

"Senyora, papa wako wameziba gereji yangu."

"Wangu tangu lini?"

"Haya, wanaangalia mlango wa nani?"

Senyora akafunga dirisha. Sebuleni mwake ilitundikwa picha ya merikebu ya babu wa mababu zake, ambayo wageni waliambiwa ilibeba kakao na vitambaa. Teodosia, aliyeifuta vumbi miaka yote ya utumishi wake, alizaliwa Palenque, kijiji kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka, na huko hata mtoto anajua ilibeba nini. Papa waliifuata tangu Angola. Upepo ukiwa mwema, safari ilikuwa miezi miwili. Upepo ukikatika ilikuwa mitatu, maji ya kunywa yakapungua, wakatupwa baharini wagonjwa, kisha hata wazima. Kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo papa walivyonenepa. Mazoea yana taabu, na papa wale walikuwa wamezoea.

Walitupiwa nyama ya ng'ombe, wakatupiwa kuku. Waliisukuma kando kwa pua, bila ubaya, wakangoja.

Teodosia alikuwa na lake. Mama yake alifariki Jumatatu, siku moja kabla ya papa, na Palenque maiti huimbiwa usiku tisa. Usiku wa mwisho ngoma hupigwa mpaka alfajiri, binti mkubwa anaondoa shuka jeupe ukutani, na marehemu anashika njia ya kurudi kwao, ng'ambo ya maji. Binti asipokuwapo, marehemu hubaki kizingitini, si wa huku si wa kule. Teodosia aliomba ruhusa, akanyimwa. Akaomba tena.

"Na maji haya uniachie nani?" alisema Senyora.

Siku ya tisa Senyora aliingia jikoni mwenyewe, jambo alilolifanya Krismasi tu.

"Teo, mwanangu. Nenda kamuage mama yako."

"Asante, Senyora. Nachukua mfuko, natokea uani."

"Hapana. Leo pita mlango wa mbele."

Mlango ule Teodosia aliusugua kila Ijumaa, ila hakuwahi kuutokea. Akaenda uani hata hivyo. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli jipya. Papa hawakuwa wamemshtua, kwani samaki anafuata tumbo lake. Kilichomkata maini ni kufuli. Teodosia alimnywesha mwanamke huyu uji kwa kijiko alipougua homa, akamwosha miguu, na leo ndiyo kwanza anaitwa mwanangu. Fadhila za punda ni mateke.

"Umenifungia, Senyora?"

"Wana njaa, Teo. Si unawaona?"

Rodolfo, mwanawe Senyora, ambaye ni wakili, alikuwa akitazama simu yake.

Teodosia akaweka mfuko kichwani, akapandisha sketi, akatoka mlango wa mbele, akashuka ngazi mwenyewe. Papa mmoja alimnusa muundi, akageuka. Papa wale walijua kula kinachotupwa. Aliyeshuka kwa miguu yake hawakumjua, wakampisha. Alipanda basi akiwa amelowa, na usiku ule akaliondoa shuka, na mama yake akaenda zake.

"Mbona unanuka chumvi?" shangazi yake alimuuliza.

"Nimetokea mlango wa mbele."

"Makubwa. Wamekuheshimu lini?"

Jumatatu alirudi kuchukua nguo zake. Papa walikuwa palepale, wamekonda. Juu ya ngazi alisimama mwanamke mgeni mwenye aproni mpya, na Senyora alikuwa akimwambia kwa sauti laini asogee mbele kidogo, awaone wageni vizuri. Nyuma ya mwanamke yule alisimama Rodolfo. Simu alikuwa ameiweka mfukoni, na mikono yake yote miwili ilikuwa wazi.

Teodosia aliingia majini mpaka chini ya ngazi.

"Dada, nipe mkono. Shuka mwenyewe, usisubiri kusaidiwa."

Mwanamke akageuka, akaiona mikono ya Rodolfo, akashuka. Walipita katikati ya papa polepole, wameshikana.

"Kwani humu kuna kazi gani?" mgeni aliuliza.

"Ileile ya zamani."

Nyuma yao Senyora hakupandisha sauti. Hakuwa na aibu ya kuificha.

"Wapigie tena wanaotuletea watumishi, Rodolfo. Waambie safari hii watuletee mgonjwa, asiyeweza kushuka ngazi mwenyewe."

Papa, ambao maneno hayo waliyajua, wakasogea karibu na ngazi.