Njia ya Kwenda Mafia

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga chumba Temeke, nikapangiwa kazi kisiwani Mafia. Nimezaliwa Bukoba, ziwa nalijua, lakini bahari ilinitisha. Bahati nzuri mama mwenye nyumba, Bi Rukia, alikuwa mzaliwa wa huko.

"Jovina, usipande boti umeshiba," aliniambia tukichambua mchele barazani. "Tafuna tangawizi, kaa katikati, tazama mbali. Mkifika bandarini Kilindoni maji yametoka, vua viatu utembee kwenye tope. Na usimpite mkubwa bila shikamoo."

"Nikikosa pa kulala je?"

Akaweka ungo chini. "Muulizie dada yangu, Mwanaasha. Tuligombana mama alipofariki. Sijui kama atataka kusikia jina langu."

Nilifika nimelowa hadi magotini, lakini tumbo limetulia. Mwanaasha nilimkuta uani anakuna nazi. Nilipomtaja Bi Rukia, aliacha kazi akanishika mikono.

"Mzima?" aliuliza, machozi yakamtoka. Nilikaa kwake muhula mzima.

Likizo ilipofika nilirudi naye Temeke. Bi Rukia alitoka mlangoni, akamwona, akamkimbilia.

"Umekonda, mdogo wangu," alisema Mwanaasha.

Jioni ile walipika samaki wa nazi, wakicheka mambo ya utotoni ambayo sie wapangaji hatukuyaelewa. Wote wawili wameshatangulia. Nyumba ile nayo imevunjwa, lakini kicheko chao cha jikoni bado nakisikia.