Wewe wa Nani

"Shuka kwanza tuzungumze, mama."

"Zungumza tu kutoka hukohuko, mwanangu. Nikiachia, inakatika."

Afisa wa ustawi wa jamii alirudi nyuma kidogo ili amwone vizuri. Mama Waya alikuwa amesimama juu ya bati, miguu peku, gauni amelifunga fundo magotini, mkono wa kulia ameuinua na ncha ya waya wa shaba. Mti uliokuwa ukiushikilia waya huo ulivunjwa na upepo jana, na sasa ulikuwa umelala uani. Ndani, kwenye meza ya kazi iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo, spika moja ilikuwa inakoroma. Akiukaza waya kiganjani, mkoromo unapungua na sauti za watu zinajitokeza. Akiulegeza, zinazama.

Alikuwa fundi redio tangu mumewe alipofariki na kumwachia kiti na bisibisi. Watoto wawili aliletewa na afisa huyuhuyu, awalee kwa muda. Msichana alikuwa na makuu ya kibibi, akambandika jina Bi Mkubwa. Mdogo wake hakuwa akiishiwa nguvu asubuhi wala jioni, huyo akawa Betri. Mama yao alikuwa amefia mbali na kwao, na ndugu walikuwa bado wanatafutwa. Lugha waliyokuja nayo hakuna aliyeijua mtaa mzima.

Mama Waya naye hakujua hata neno moja, kwa hiyo alifanya analolijua. Alitengeneza redio ya masafa mafupi, akazungusha kitufe jioni baada ya jioni, mpaka akanasa kituo ambacho masikioni mwake kilifanana na watoto wale. Kwa wiki kadhaa walikaa watatu wakisikiliza, Bi Mkubwa amekunja mikono, anaitikia kwa kichwa kwa adabu zote. Siku moja, Bi Mkubwa akiwa ameshaokota maneno ya hapa, Mama Waya akamuuliza wanasema nini.

"Sijui, mama."

"Hujui vipi? Si watu wenu hao?"

"Hapana. Mimi nilidhani ni watu wako."

Mama Waya alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaanza upya, na safari hii kitufe alimwachia mtoto mwenyewe.

Wakakipata kituo chao. Kilikuwa hafifu, lakini kila Jumamosi jioni kilikuwa na bibi mmoja anayewasalimia watoto. Kwao, Bi Mkubwa alieleza, mtu mzima akikusalimia hakuulizi habari. Anakuuliza wewe wa nani, nawe unamtaja mama aliyekuzaa. Yule bibi aliuliza, kisha akanyamaza kidogo ili watoto wajibu popote walipo. Bi Mkubwa alijibu. Betri akadakia kwa lugha ya hapa mtaani: "Mimi wa Mama Waya."

Mama Waya alifurahi jamani, mpaka machozi yakamlenga. Halafu akaona Bi Mkubwa amesukuma sahani yake pembeni, hali tena. Furaha yake ikaingia nyongo. Betri alikwishaanza kumuuliza dada yake maana ya maneno ambayo alikuja nayo yeye mwenyewe.

"Mwalimu amelalamika," afisa alisema kutoka uani. "Msichana anamjibu kwa lugha yao. Hawa wanatakiwa wazoee hapa, mama. Lugha mbili zitawachanganya. Nilishakwambia hiyo redio uizime."

"Nilisikia. Masikio ndiyo kazi yangu."

"Wanakula, wanasoma, mdogo anakuita mama. Unataka nini zaidi?"

"Ndugu zao wakipatikana, ataongea nao kwa vidole?"

Afisa alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu na viatu vyake vilijaa vumbi. "Nikirudi ofisini na jibu hilo, watahamishwa. Sikutishi, ndivyo ilivyo."

Mama Waya aliwaza vitanda viwili vya watoto vikiwa vitupu. Aliwapenda watoto wale kupita kiasi na hakuona haya.

"Basi andika," alisema. "Andika nimekataa. Weka na jina langu lote, usifupishe. Watakakohamia nitawapelekea redio. Na huko wakinifungia mlango, nitapanda bati la jirani."

Kichwa cha Bi Mkubwa kikatokeza dirishani. "Mama, bibi ameanza. Usisogee."

Hakusogea. Bati lilikuwa bado na joto la mchana, likimuunguza nyayo. Sauti ya yule bibi ilipanda, kavu, ya kirafiki, ikauliza lile swali moja ambalo sasa hata Mama Waya alilielewa. Bi Mkubwa alijibu.

Kisha Betri. Alianza vibaya, akasita, akarudia tangu mwanzo. Alijibu kwa lugha yao, polepole, mpaka akafika kwenye jina la mwanamke ambaye Mama Waya hakuwahi kumwona. Akalitaja lote.

Ilimchoma. Siku hii aliitafuta kwa mikono yake mwenyewe, na bado ilimchoma.

"Amesema nini?" afisa aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Amesema yeye wa nani."

Afisa alikuwa na kalamu mkononi na karatasi juu ya begi lake. Hakuandika, wala hakuondoka. Aliutazama mti uliovunjika, akautazama tena mkono ule ulioinuliwa.

Bega lilikuwa limekufa ganzi. Mama Waya akauhamisha waya upesi, na kwa muda huo mfupi bibi akazama kwenye mkoromo.

"Mama!" waliita wote wawili kutoka ndani.

"Nipo," alisema, akaukaza kwa mkono wa kushoto.