Nchagwa Bado Anaandika

Gesare alipiga simu Jumanne, wakati wa mapumziko ya chai. Risper alikuwa ameketi katika chumba cha walimu cha chuo cha ufundi mjini Homa Bay, ambako alifundisha kompyuta.

"Dada Risper, umesoma ya leo?"

"Ya wapi, mama Boke?"

"Ya Mnara. Nchagwa ameandika."

Risper akatazama kikombe chake. Nchagwa alikuwa mume wa Gesare. Walimzika Kehancha mwaka uliotangulia, msimu wa mvua, na Risper alikuwepo. Alichokumbuka zaidi ni spika zilizokuwa zikikwaruza, na fundi aliyezipiga kofi kila baada ya muda.

"Ameandika nini?" aliuliza, kwa kuwa hakupata swali lingine.

"Mambo ya simu za kukunja. Anasema zinabadilisha maisha ya mkulima. Mkulima gani wa Kuria ana simu ya kukunja?"

Risper alifungua tovuti ya Mnara kwenye simu yake. Picha ya Nchagwa ilikuwa pale, amevaa shati la buluu, anacheka. Yeye Risper ndiye aliyempiga picha hiyo, kwenye daraja la Migori. Chini yake kulikuwa na makala ya siku hiyo, na nyingine ya wiki iliyopita, na nyingine nyuma yake. Alisoma moja mpaka mwisho. Lugha yake ilikuwa imenyooka. Haikuwa na jina la mtu hata mmoja, wala kijiji. Nchagwa hakuwahi kuachilia habari itoke bila kusema aliongea na nani na huyo mtu alikuwa amesimama wapi.

"Sio yeye," Risper akasema.

"Najua sio yeye. Nilikuwa mke wake."

Kengele ililia. Risper alikwenda darasani akafundisha kama kawaida.

Mnara, tovuti ya habari za simu, Risper na Nchagwa waliianzisha wawili mjini Migori, miaka zaidi ya kumi iliyopita, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Walikutana wakiwa waandishi wa kuokoteza wa redio moja, wakilipwa kwa kila habari. Siku hiyo Nchagwa alikuwa na gazeti mkononi. "Hawa wanaandika simu za Nairobi," alisema. "Za huku nani anaziandika?" Yeye nyumbani kwao ni Kikuria, Risper nyumbani kwao ni Kijaluo, hivyo walizoea kuongea Kiswahili, na Mnara ikawa ya Kiswahili bila mtu kukaa chini kuamua.

Risper aliandika kuhusu akina mama wa kisiwa cha Remba waliouliza bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa simu kabla mashua hazijatia nanga. Nchagwa aliandika kuhusu madereva wa matrela ya miwa kule Awendo, waliopanga foleni ya kiwanda kwa ujumbe mfupi ili wapate kulala. Wasomaji walikuwa wachache, ila walipiga simu. Mwingine alitaka kujua betri gani inadumu. Mwingine alitaka tu kubishana.

Halafu Nchagwa akaandika habari ya mpakani. Kampuni moja ya simu ilikuwa imeshindwa kuelewa kwa nini wateja wake wa upande wa Kehancha walikuwa wanapungua. Nchagwa alitembea kijiji baada ya kijiji akiwa na simu mbili mfukoni. Akagundua kwamba simu za nyumba nyingi zilikuwa zikinasa mawimbi ya Tanzania. Mtu alikuwa anampigia jirani yake na kulipishwa kama amepiga nje ya nchi, kwa hiyo watu waliamua kutupa laini. Habari hiyo ilisomwa mpaka Nairobi, na wakubwa wa kampuni ile wakaja Migori wenyewe, wakapanda zile ngazi za duka la dawa za mifugo na viatu vyao vya kung'aa.

Walitaka utafiti zaidi. Baada yao wakaja wengine. Wauzaji wa simu walitaka kujua watu wa Awendo wananunua nini, mabenki yalitaka kujua kwa nini wavuvi hawaachi pesa kwenye simu. Hivyo ndivyo tovuti ya habari ilivyogeuka kuwa kampuni ya uchambuzi. Risper akawa mtu wa kusimama mbele ya meza ndefu na kuonyesha michoro. Nchagwa alibaki na habari, na habari zikazidi kubanwa, kwa sababu mteja wa ripoti ya Jumatatu hakupenda kuandikwa vibaya siku ya Jumatano. Hawakugombana. Nchagwa alikuwa ameanza kuumwa figo, na kila alipotoka kusafishwa damu alirudi ofisini mchovu, akaweka kichwa mezani.

Kampuni ya Nairobi ilipotaka kuinunua Mnara, wote wawili walikubali. Nchagwa hakumaliza mwaka. Baada ya mazishi Risper aliacha kazi, akarudi Homa Bay. Watu walidhani anaomboleza. Yeye mwenyewe hakujua ni nini. Alikula, alilala, alisahihisha kazi za wanafunzi.

Jioni ya ile Jumanne alimpigia Oliver, meneja wa tovuti huko Nairobi, kijana mpole ambaye hakuwahi kuonana na Nchagwa.

"Madam, ni mashine inaandika," Oliver alieleza bila kuficha. "Tunaipa makala za zamani, inajifunza. Jina lake tumelitumia kwa sababu wasomaji wanaliamini."

"Ameshakufa, Oliver."

"Pole sana, madam. Lakini majina ya waandishi yalikuja pamoja na tovuti."

"Mke wake anaziona. Ana mtoto anayejua kusoma."

Oliver akasema, "Nitalitoa."

Alitimiza ahadi. Siku ya Ijumaa Risper alifungua tovuti, na kwenye makala za simu za kukunja pakawa pameandikwa Timu ya Wahariri. Akateremka chini, mwaka baada ya mwaka. Matrela ya Awendo: Timu ya Wahariri. Ile ya mpakani: Timu ya Wahariri. Picha haikuwepo popote.

Akampigia tena.

"Hizo za zamani aliandika yeye," alisema. "Kwa mkono wake. Rudisha jina."

"Mfumo hautenganishi, madam. Jina likirudi, linarudi kote, na za mashine zinaendelea kutoka nalo. Ama libaki kote, ama litoke kote. Ninyi mwamue, mimi nitafanya."

Risper alisubiri hasira ije. Haikuja. Alimshukuru Oliver, akakata simu, akaanika nguo zilizokuwa kwenye beseni.

Jumapili alikwenda Kehancha. Alimkuta Gesare uani akianika mahindi juu ya turubai, na Boke, binti yake wa darasa la tano, akifukuza kuku. Risper aliwaeleza yote jinsi yalivyokuwa. Gesare alisikiliza huku akiendelea kutandaza mahindi kwa kiganja.

"Kwa hiyo tukitaka yake halisi tukubali na ya uongo."

"Ndiyo."

"Na tukikataa ya uongo, yake nayo inakuwa ya hao timu."

"Ndiyo, mama Boke."

Gesare alikusanya punje zilizoruka nje ya turubai, akazirudisha. "Basi waache hivyo hivyo. Sitaki kuamka kila siku nione ameandika."

Boke alikuwa amesimama. "Ile ya simu kushika Tanzania, si aliandika baba? Mwalimu alitusomea."

Gesare akamtazama Risper. Risper akaketi kwenye kiti cha plastiki, akamweleza yule mtoto kwa sauti ileile aliyotumia darasani: jinsi baba yake alivyotembea na simu mbili, jinsi ng'ombe wa mtu walivyomfukuza mpaka akapanda juu ya tangi la maji, akaona huko juu simu moja imeshika Kenya na nyingine Tanzania, akaandika aya ya kwanza akiwa hukohuko.

"Aliogopa ng'ombe?" Boke aliuliza.

"Aliogopa sana."

Boke alicheka. Aliuliza wale ng'ombe walikuwa wa nani, na Risper akamtajia. Mtoto akakimbia kwenda kumwambia mwenzake wa jirani.

Wale wanawake wawili walibaki na mahindi. Hakuna aliyelia. Gesare alisema jua la leo ni zuri, Risper akakubali, akapiga magoti upande wa pili wa turubai akasaidia kutandaza. Jioni alipoondoka, Gesare alimfungia ndizi mbivu kwenye mfuko.

Alifika Homa Bay, akaosha mikono, akala ndizi mbili akiwa amesimama jikoni. Kisha akatoa kazi za wanafunzi, akaanza kusahihisha.