Kusubiri Rejeta Imeze Maji

…Jumatano, tarehe kumi na moja Juni, saa moja na robo asubuhi, hapa hapa nilipochutama, kati ya ukuta na bampa, jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa mabati ya jirani, na Bakiri wangu alikuwa ameegemeza bega kwenye pikapu hii, anaisukuma ifike penye jua, kisha akakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu, akalala, basi, hakuamka tena, inna lillahi, na leo nipo pale pale nimeshika faneli, boneti imeinuliwa juu yangu, injini inaunguruma pole pole, kifuniko cha rejeta nimekiweka ukutani, nayatazama maji ya kijani mdomoni mwa rejeta, yametulia, mara yanatoa povu moja, tena moja, hewa inatoka, subiri, alikuwa akisema Bakiri, usiwe na haraka, subiri imeze, maana injini ikishapata moto wa kutosha thamostati hufunguka huko ndani na maji hushuka ghafla, kama mgonjwa aliyekubali kunywa uji, hapo ndipo unaongeza, ukifunga kabla haijameza umeifungia hewa ndani na hewa itakuunguzia gari njiani… “Shemeji, nikanyage mafuta?” huyo ni Mansour, mdogo wake Bakiri, yuko kwenye usukani, simwoni wala hanioni, boneti ndiyo pazia letu, kwa sababu bado nimo ndani ya eda, sitoki getini, sikai na mwanamume asiye maharimu yangu, fundi wa kule Kensington alisema nimpelekee gari, nimpelekee vipi, na kumleta fundi hapa uani sikutaka, nikamwambia wifi Fauzia, dada yao, amwite Mansour aje akae ndani ya gari, awashe nikimwambia awashe, azime nikimwambia azime, mengine nayajua, maana miaka yote kila baridi inapokaribia ni mimi niliyekuwa nikimshikia Bakiri faneli, “Usikanyage,” namwambia, “iache yenyewe,” na sauti yangu naisikia ilivyo kavu, na Fauzia naye ameisikia, amekaa mlangoni juu ya ndoo aliyoipindua, anachambua mchele na kutulindia heshima kwa pamoja, anainua uso, anasema, “Wifi, hilo limaji linanukia kama sharubati, si manukato hayo? Usije ukaiharibu eda,” namjibu nani ameona mjane akajipaka maji ya rejeta, naye anasema, “Mie nauliza tu, mjini hapa watu wanajipaka kila kitu,” na mle ndani ya gari nasikia Mansour anacheka, anacheka, Subhanallah, anaweza kucheka akiwa amekalia kiti kile kile… kwa sababu hajui, na mimi nimemwita leo ajue, hiyo ndiyo kweli yenyewe, maji yangeweza kungoja mpaka nitoke eda, nimemwita ili nimwambie, maneno nimeyapanga tangu nilipomwona msibani anabeba jeneza mbele ya watu, nimeyapanga hata kwenye sijda, Mungu anisamehe, kwamba Mansour, jioni ile ulipoazima gari, ukapasukiwa na mpira wa rejeta ukirudi sokoni, ukaweka mpira mpya, halafu ukajaza maji ya bomba, matupu, rejeta nzima, ukaja ukamwambia kaka yako kwa furaha nimeijaza pomoni maji safi, na usiku ule ukaanguka umande ukaganda hapa mtaani Bellevue, huku kusini kwenye baridi, kama unga, na maji yako yakawa barafu, na kaka yako asubuhi akatoka kuhangaika na barafu yako, akasukuma gari peke yake, akafa, wewe ndiye… “Shemeji, hii hita nimeifungulia moto wote lakini inatoa upepo wa friji, eish, miguu yangu,” namwambia hewa bado imo, vumilia, nalo povu linapanda tena, na juu dirishani jirani yetu Héritière, Mkongo anayesuka nywele, amejitokeza na chanuo mkononi, “Mama Sumaiya!” ananiita kwa jina la mwanangu, “uko natengeneza motoka weye mwenyewe? Ah, mwanamuke ya nguvu!” nampungia mkono, anarudi ndani kwa mteja wake, nguvu gani, angejua, mwanamke mwenye nguvu hangeshindwa kutamka sentensi moja, nitaisema sasa, kabla haijameza, maana ikishameza Mansour atazima gari, atashuka, ataondoka zake kwa mlango wa pembeni bila kunitazama kama adabu inavyotaka, na sitapata tena pazia kama hili la chuma, vizuri kwamba simwoni uso, nikimwona uso nitamwona Bakiri, wana pua moja… “Lakini shemeji, haya maji ya kijani ni ya nini hasa?” anauliza, ametoa kichwa dirishani, sauti imekuja karibu, “Maana sisi Tanga tunatia ya bomba, gari linakwenda mpaka Arusha na kurudi,” na mikono yangu inaganda kwenye faneli, amenifungulia mlango mwenyewe, hakuna kilichobaki ila kuingia, nasema polepole kwa sababu mimi nasema polepole siku zote, “Hapa si Tanga, Mansour, hapa maji matupu usiku yanaganda,” na Fauzia mkono wake umesimama juu ya ungo, hajainua uso, kumbe naye alikuwa anajua, ananyamaza tu siku zote hizi, na injini inaendelea kuunguruma kana kwamba hakuna aliyesema kitu… “Yanaganda?” sauti yake imekuwa ndogo, ya mtoto, “Yale niliyotia mimi, shemeji, yaliganda?” na hapa sentensi yangu iko tayari, iko mdomoni, nzito, ninachotakiwa ni kuiachia tu, naye ataibeba mpaka kaburini kwake, kila jani lililoganda akiliona, kila birika, kila gari lililokwama barabarani, na mimi nitakuwa mwepesi, nitakuwa mwepesi kweli? Kwa sababu kuna asubuhi ile kabla ya saa moja na robo, ambayo sijaigusa, nimeikalia kama mtu anayekalia noti sokoni, Bakiri katika mlango wa jikoni, ametoka kuswali alfajiri, kofia bado kichwani, kipande cha barafu kiganjani kinayeyuka kwenye mkono wa sweta, anacheka mpaka anashika mlango, “Tabia, njoo uone zawadi ya Mansour, kaniletea barafu, tufungue duka la aiskrimu,” na mimi nilikasirika nikasema mpigie simu sasa hivi, mwambie alivyotufanyia, akasema, “Mwache alale, nitamfundisha, ameijulia wapi baridi ya huku, mimi mwaka wangu wa kwanza niliipasua injini ya mtu mzima na akanipa chai,” akachukua birika, akaenda kuyayeyusha, anacheka bado, nilimsikia akicheka huku nje peke yake, na kicheko kile ndicho cha mwisho, na nimekizika nikabaki na barafu, na daktari alisema moyo ule ulikuwa umechoka siku nyingi, ungesimama hata kitandani, sikutaka kumsikia daktari, nilitaka mtu, mtu mwenye jina, wakati Mola amekwisha sema kila nafsi ina muda wake, haucheleweshwi wala hauharakishwi, na mimi nasoma hayo kila Alhamisi, nayasoma kwa mdomo… “Shemeji?” anangoja, anapumua kwa uzito, nasikia, nasema, “Yaliganda kidogo. Kaka yako aliyayeyusha kwa birika. Alicheka sana, Mansour. Alisema tufungue duka la aiskrimu,” na kila neno ni kweli, hakuna la uongo hata moja, yaliyobaki ni yangu na ya Mola wangu, nyuma ya boneti nasikia kitu kama kikohozi, si kikohozi, kijana analia na kucheka kwa wakati mmoja, anapiga usukani kwa kiganja, pole pole, “Kaka bwana,” anasema, “kaka bwana, hakunipigia hata kunitania,” na Fauzia anajifuta kwa ncha ya kanga, anasema mchele wa nchi hii una vumbi, na mikono yangu imelegea, sijui ilikaza tangu lini, “Alisema atakufundisha,” namwambia, “sasa sikiliza, nusu maji, nusu hii dawa ya kijani, usizidishe usipunguze, na usifungue kifuniko injini ikiwa moto,” anajibu, “Ndiyo, shemeji,” anarudia, nusu kwa nusu, kama anahifadhi aya, na maji hayajashuka, povu moja, tena moja, mpira wa juu bado ni baridi nikiushika, hakuna kilichofunguka huko ndani, tunangoja sote watatu, na mimi midomo inakwenda yenyewe… ewe Mola, Bakiri mja wako amelala katika udongo wa ugenini, nawe huna ugenini, mghufirie aliyoyajua na asiyoyajua, umpanulie alipo, umlipe kwa kila aliyemsamehe kabla ya kuombwa, na siku utakayotukusanya utukutanishe naye akiwa radhi nasi, Amin, Amin, ya Rabbi.