Mikono Miwili ya Amoni

Amoni wa Nanyala alikuwa ameshafeli mtihani wa udereva mara mbili, na mara zote mbili kosa lake lilikuwa adabu.

Msicheke. Enzi za Mwingereza, kwa Wanyiha wa huko, mtu mzima hukumpungia mkono mmoja kama unafukuza nzi. Ulipiga makofi ya taratibu, kichwa umeinamisha. Sasa Amoni, mtoto wa kulelewa akaleleka, kila alipomwona mzee njiani aliachia usukani, akapiga makofi, akainama. Lori, ambalo halikulelewa na mtu, lilikwenda linakotaka. Mara ya kwanza lilikwenda mtaroni. Mara ya pili liliingia kwenye mahindi ya mzee wa kanisa, na Amoni, alipomwona mwenye shamba anakuja mbio, akampigia makofi tena.

"Ukifeli na hii ya tatu," walimwambia viongozi wa chama cha wakulima wa kahawa, "tunaleta dereva kutoka Mbeya. Lori haliwezi kukaa hapa likitagiwa na kuku."

Amoni aliumia. Alikuwa utingo wa lori lile tangu lifike. Alijua hata kikohozi chake cha asubuhi. Na dereva wa Mbeya angekuja na utingo wake.

"Baba Ruti, wewe huponi," alisema mkewe, Yunisi. "Acha niwatibu wazee."

Akapita nyumba kwa nyumba akiomba: siku ya mtihani, lori likipita, kila mtu mzima ageuke. Mgongo hausalimiwi.

Siku ikafika. Inspekta, Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha kuamrisha, akaketi kando ya Amoni. Njia nzima wazee walikuwa wamesimama wakiitazama mibuni kama waliowekewa picha humo.

"Kwa nini wanakupa migongo? Wana ugomvi na wewe?"

"Hapana, Bwana. Wananipenda sana."

Wakaanza kupanda mlima. Katikati ya mlima akatokea Bibi Roda, kuni kichwani. Masikio ya Bibi Roda yalikwisha acha kazi; Yunisi alipompelekea ombi lile, alijibu, "Asante, mwanangu, nami nimeamka salama." Ndiye aliyempokea Amoni siku ya kuzaliwa. Alipomtambua, akatua mzigo kwa furaha, akaanza yeye kupiga makofi.

Mkubwa kumwanza mdogo! Viganja vya Amoni vikawasha. Mkono mmoja ukauacha usukani. Akaurudisha. Akautoa wa kulia dirishani, akaupandisha na kuushusha kuashiria anapunguza mwendo, akasogea kushoto, akakanyaga klachi na breki, akavuta breki ya mkono mpaka ikalia. Lori likatulia. Ndipo akapiga makofi, akainama vizuri.

"Nani amekuambia usimame?"

"Hakuna, Bwana. Lakini usukani unataka mikono miwili, na bibi naye anataka miwili. Mimi ninayo miwili tu. Nimewapanga foleni."

Inspekta akamtazama, akamtazama na bibi.

"Haya, ondoka. Likirudi nyuma hata kidogo, umefeli."

Lori lilikuwa limebeba magunia ya kahawa, na mlima ule ulikwisha waangusha wanafunzi waliokuwa hawamsalimii mtu yeyote. Amoni akaweka gia, akaachia klachi polepole, sikio kwenye injini. Sauti ikazama, lori likatetemeka kama ng'ombe anayetaka kuvuta. Hapo akaiachia breki ya mkono.

Likaenda mbele. Kwenye kioo Bibi Roda alikuwa bado anapiga makofi, akizidi kuwa mdogo mpaka kona ikamficha.

Kileleni Inspekta alisema, "Umefaulu. Tena waambie wale watu wageuke."

Kurudi Nanyala kuliwachukua mchana kutwa, maana wazee waligeuka kweli, na dereva alisimama kwa kila mmoja. Inspekta alinuna mpaka saa yake ya chai ikapita. Kwa wazee wa mwisho mwisho, naye akaanza kupiga makofi, ili angalau salamu ziishe upesi, wafike.